Je, Wajua? Kompyuta Mbovu Zaushinda Mwamba wa Geita

Tani moja ya mwamba wa Geita hutoa gramu chache tu za dhahabu. Tani moja ya mbao za saketi zilizong'olewa kwenye kompyuta kuukuu inaweza kubeba gramu 200! (Kuzichoma uani ni hatari kubwa: moshi wake una sumu.)

Dhahabu haishiki kutu, ndiyo maana hupakwa kwenye pini za mbao hizo. Fundi wa Kahama anayebadilisha ubao mama anashika madini yaleyale yanayochimbwa katika mgodi wa Bulyanhulu.

Mtego wa kubadilisha ubao mama uko kwenye plagi za taa za rangi za kasha la kompyuta. Plagi ya pini 4 hutumia volti 12, na taa zote huwaka rangi moja. Ya pini 3 hutumia volti 5, na kila kitaa huwa na rangi yake. Taa ya volti 5 ikipewa volti 12, huungua.

Baadhi ya kompyuta zilizounganishwa kiwandani zina plagi za taa za kipekee, zisizoingia kwenye ubao mpya. Hapo huweza kuhitajika kidhibiti taa cha pembeni. Hupata umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai, na rangi hubadilishwa kwa kitufe au rimoti.