Kupiga Rangi Gari Mwenyewe Nyumbani: Nunua Nini, Acha Nini

Ndugu zetu wa Minneapolis na Saint Paul, theluji ikishayeyuka kila mtu analizunguka gari lake na kuguna. Chumvi inayomwagwa barabarani majira yote ya baridi imeshakula fenda, imepanda mpaka chini ya milango. Ukienda gereji unatajiwa bei, unakaa kimya. Hapo ndipo wazo linakuja: kwani mimi siwezi kupiga rangi mwenyewe?

Unaweza, ila kuna njia ya kuokoa hela na kuna njia ya kuzipoteza. Sisi tulianza na hii ya pili.

Tuko watatu nyumba moja, wawili wa ujenzi na mmoja anayefanya kazi za ndani. Gari ni moja, ndilo linalotupeleka wote kazini. Gereji ilitaka dola 900 kwa fenda moja na sehemu ya mlango. Tukasema, bora tununue mashine, zitabaki kuwa zetu. Tukachukua kompresa ya galoni 6, bunduki ya kupulizia rangi na rangi yenyewe. Dola 360 zikaenda. Sehemu ya hela hizo ilikuwa ada ya muhula wa pili, tukajiambia tutairudisha wiki ijayo. Wiki ijayo mvua ikanyesha na kazi ya ujenzi ikasimama. Kule nyumbani mtoto akarudishwa kutoka shule, akakaa siku nne. Na fenda? Rangi ilitoka na vipele kama ganda la chungwa.

Kosa letu lilikuwa hesabu ya hewa. Bunduki nyingi za kupiga rangi gari zinataka futi za ujazo 10 za hewa kwa dakika, au zaidi. Kompresa ndogo za galoni 6 zinatoa kama nusu ya hapo, au pungufu. Hewa inaisha katikati ya mkono, rangi inaanza kutema matone. Galoni zinazoandikwa kwa herufi kubwa ni ukubwa wa tangi tu. Wewe tafuta namba ya hewa kwa dakika, kisha ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye bunduki. Kompresa ya kutosha ni kubwa, ni ghali, na mara nyingi inadai umeme ambao gereji ya nyumba ya kupanga haina.

Kwa hiyo anayeanza, mwenye fenda moja au bampa, tunamshauri atumie rangi ya kopo. Mara ya pili tulifanya hivyo, na vitu vyote pamoja na barakoa vilitugharimu dola 112. Tulinunua hivi:

Msasa namba 80, 180, 320 na 600. Namba 80 ni ya kung'oa kutu mpaka bati liwe jeupe. Hapa usione uvivu, kutu ukiifunika kwa rangi itarudi kabla ya Krismasi.

Puti kopo dogo, ya kujazia mabonde. Tundu halizibwi kwa puti, linataka bati jipya. Na kama kutu imefika kwenye fremu, hiyo si kazi ya rangi tena, mpelekee fundi.

Dawa ya kutoa mafuta, pamoja na karatasi na utepe wa kufunikia vioo na taa.

Praima inayofaa bati tupu, rangi makopo mawili, na klia makopo mawili. Usikisie rangi kwa macho. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko pembeni, mara nyingi namba ya rangi iko hapo. Maduka ya rangi za magari yanaweza kukuuzia kopo la namba hiyo.

Piga tabaka nyembamba, ungoje dakika 10 hadi 15 kati ya moja na nyingine, au kama kopo linavyosema. Jaribu kwanza kwenye boksi au bati la kutupa. Tabaka nene litachuruzika, utaanza upya.

Sasa kifua chako. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii mvuke wa rangi. Nunua ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke na vya vumbi laini, na vaa miwani na glavu. Halafu kuna klia inayochanganywa na kigumishi. Ipo hata ya kopo, unabonyeza kitufe chini kabla ya kupuliza. Inang'aa, haiogopi petroli, lakini kigumishi chake kina isosayaneti, kemikali inayoleta pumu. Inaweza kukuingia bila wewe kusikia harufu. Mafundi wanaoipuliza wanatakiwa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kwa nyumbani tunasema iache, tumia klia ya kawaida. Ukipata pumu, utapandaje ngazi za ujenzi? Utashikaje dawa za kusafishia choo? Hakuna fenda yenye thamani hiyo.

Mahali nako muhimu. Gereji iliyoungana na nyumba inapeleka mvuke hadi wanakolala watoto, na moto mdogo wa chombo cha kuchemshia maji unaweza kuuwasha. Bora kazi ifanyike nje, siku isiyo na upepo, mbali na gari la jirani. Muulize mwenye nyumba, kisha ofisi ya jiji. Minneapolis unapiga 311. Ngojea joto la kama digrii 70 za Farenhaiti, na unyevu usiwe mwingi. Rangi iliyobaki usiimwage kwenye mfereji. Wa Hennepin tunapeleka vituo vya kaunti vya Bloomington au Brooklyn Park.

Ukisifiwa, marafiki watakuja na magari yao. Angalia hapo. Kanuni ya EPA ya 2008 inamwachia mtu anayepiga rangi gari lake mwenyewe, au la rafiki bila malipo, lakini yasizidi magari mawili kwa mwaka. Ukipokea hela, umeingia kwenye masharti ya biashara. Na kabla ya hapo, hakikisha kibali chako kinakuruhusu kujiajiri.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, na kutu ndogo ni ya kushughulikia mapema. Ila sisi sasa tuna utaratibu wetu: mshahara ukiingia, ya nyumbani inatumwa kwanza, kodi ya pango inafuata, akiba kidogo, ndipo tunaingia duka la rangi na kilichobaki. Kama hakitoshi, fenda isubiri mwezi ujao. Mtoto hawezi kusubiri.