UKURASA WA AFYA: BAADA YA KUPASULIWA, TUFUATE MASHARTI

Mwezi huu tunaongelea upasuaji wa kupunguza unene.

Hapa Kwihara lipo tembe alimokaa Dokta Livingstone. Kabla ya kuagana naye Machi 1872, Stanley alimshauri arudi kwao Uingereza, apumzike na kutibiwa kwanza. Livingstone, ingawa mwenyewe alikuwa mganga, alikataa. Aliondoka Kwihara mwezi Agosti, akafariki Mei 1, 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo. Ushauri mwema haufai kitu usipofuatwa.

Siku hizi wapo wanaokwenda Dar es Salaam, Hospitali ya Muhimbili Mloganzila, kutibiwa unene uliopita kiasi. Katika aina moja ya upasuaji, sehemu kubwa ya tumbo la chakula huondolewa. Linalobaki hulingana na ndizi. Mgonjwa akirudi nyumbani, ayazingatie haya:

1. Chakula. Majuma ya kwanza ni vinywaji na supu nyepesi tu, kisha vyakula vilivyopondwa, halafu vilaini, kwa ratiba aliyopewa. Baadaye aanze na samaki, mayai au maharage, ndipo ugali kidogo. Atafune polepole, na akishiba aache. Maji anywe mara kwa mara, lakini si pamoja na chakula. Angoje nusu saa.

2. Asali. Sisi wa Tabora humpa mgonjwa asali apate nguvu. Kwa huyu, sukari nyingi huweza kuteremka upesi mno kwenye utumbo, ikamletea jasho, kizunguzungu na kuhara. Tena hurudisha unene.

3. Dawa. Vidonge vya vitamini na madini huendelea maisha yote, hata akijiona mzima. Akiacha hupungukiwa damu na mishipa ya fahamu huharibika. Asinunue dukani aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni bila kumwuliza daktari, kwani huleta vidonda vya tumbo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe mara kwa mara, maana kipimo cha dawa zake hubadilika. Asijipunguzie mwenyewe.

4. Uzazi. Mama angoje mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kabla ya kupata mimba. Unene ukipungua, mimba huweza kuingia upesi kuliko zamani.

5. Dalili za hatari. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, mguu mmoja kuvimba au kupumua kwa shida: awahi Hospitali ya Kitete mara moja, na aeleze alivyopasuliwa. Wengine huficha kwa aibu ya kusemwa. Mficha maradhi, kilio humwumbua.

Nasi jumuiya ndogo ndogo tukienda kumjulia hali, tusimlazimishe kula wala tusinung'unike akionja vijiko vitatu tu. Huko si kudharau chakula chetu, ni kutii masharti. Tumwombee, na siku yake ya kliniki ikifika tumsaidie nauli.