Wamtetea Yeye au Wajitetea Mwenyewe?

Uchaguzi mmoja uliopita nilimpigia kura mgombea mmoja shingo upande. Sikumpenda sana, ila wapinzani wake niliwaona wabaya zaidi. Miaka miwili baadaye mifereji ya mtaani ingali mikavu, nami nikawa barazani kila jioni namtetea: "Bajeti ilikatwa." "Apewe muda." Mwenzangu akaweka chini kikombe cha kahawa, akaniuliza, "Bwana, wamtetea yeye au wajitetea mwenyewe?" Nikakosa jawabu.

Ndugu msomaji, twadhani mtu hukipenda chama kwanza, kisha ndipo akakipigia kura. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kura yenyewe nayo hujenga mapenzi.

Mwaka 2009, watafiti Sendhil Mullainathan na Ebonya Washington walichapisha utafiti wao wa Marekani. Waliwalinganisha vijana waliokuwa wametimiza miaka 18 uchaguzi wa rais ulipofika, na wenzao waliokosa umri huo kwa muda mfupi tu. Miaka miwili baada ya uchaguzi, pengo la maoni juu ya rais, kati ya wa chama chake na wa chama pinzani, lilikuwa kubwa zaidi kwa wale walioruhusiwa kupiga kura.

Sababu ni ile aliyoieleza mwanasaikolojia Leon Festinger mwaka 1957: nafsi haitulii matendo na mawazo yakipingana. Kura ikishaingia sandukuni hairudi. Kinachobaki kubadilika ni rai yako. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

Haya si lazima yatokee kila mahali. Utafiti uliofanywa baadaye Sweden haukuona athari hiyo. Lakini hapa Pwani, ambapo twapewa karatasi sita kwa siku moja, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, na nyingi twazijaza kwa kufuata rangi ya chama, tuna haja ya kujichunga.

Agosti 2027 vijana wetu wengi watapiga kura kwa mara ya kwanza. Nawausia jambo jepesi. Kabla ya kwenda kituoni, andika mambo matatu unayoyataka: maji, hati ya shamba, basari. Iweke karatasi hiyo. Baada ya mwaka ifungue, umpime uliyemchagua kwa maneno yako ya zamani, si kwa visingizio vya leo. Kumchagua mtu si kumdhamini. Wino wa kidoleni hutoka kwa siku chache. Kiongozi hukaa miaka mitano.