Bunduki ya nyumbani: Kwa nini raifo haimfai mkazi wa Nairobi

Kila mara visa vya wizi wa mabavu vinapozidi katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi, kuanzia Westlands na Kileleshwa hadi Lavington na Karen, swali moja huzuka upya kwenye meza za mikahawa ya katikati ya jiji na katika mikutano ya vyama vya wakazi: mtu wa kawaida, asiye askari, achague bunduki gani ya kulinda nyumba yake? Jibu ambalo wengi huwa nalo tayari ni bunduki ya mtutu mrefu, nyepesi, isiyo na mambo mengi, ya kufungiwa kabatini hadi siku ya dharura. Ndiyo hiyo iitwayo raifo.

Fikira hiyo inaeleweka. Polisi wanaweza kuchelewa, na bawabu anayekesha langoni kwa kawaida hana silaha zaidi ya rungu, tochi na kidude cha kubonyeza ili kuita msaada wa kampuni yake. Lakini anayeifuata fikira hiyo hadi mwisho hugundua kwamba bunduki anayoitamani inakataliwa mara mbili: kwanza na sheria, kisha na kuta za nyumba yake mwenyewe.

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuishi, haki ya faragha na haki ya kumiliki mali, ila haina kifungu kinachompa raia haki ya kumiliki silaha. Kwa Mkenya, bunduki ni ruhusa tu, na ruhusa hiyo hutawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo asili yake ni mwaka 1953. Tangu marekebisho ya sheria za usalama ya 2014, anayeamua ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Mwombaji hana budi kuiridhisha bodi kwamba ana sababu nzuri ya kutaka silaha, kwamba akili na tabia yake havina kasoro, na kwamba bunduki ikiwa mikononi mwake haitahatarisha usalama wa umma. Hofu ya jumla, ile ya kusema jiji limeharibika, ni sababu dhaifu, kwa kuwa ingekuwa inatosha, kila mtu mzima wa Nairobi angestahili cheti.

Hata cheti kikitolewa, hutaja aina ya silaha yenyewe na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja. Anayedhani kwamba kujiandaa kwa dharura ni kurundika masanduku ya risasi stoo, pengine kwa kuwa ameona hivyo katika filamu za Marekani, afahamu kuwa anachorundika ni ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Kuhusu raifo, sheria hiyo inapiga marufuku silaha zinazofyatua risasi mfululizo pamoja na bunduki za kivita zinazojijaza zenyewe, ziwe za milimita 7.62, 5.56 au kipimo kinginecho. AK-47, G3 na MP5 zimetajwa kwa majina, na anayepatikana nazo bila idhini anakabiliwa na kifungo cha maisha. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, iliyotiwa sahihi Aprili 2004 na mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inaunga mkono msimamo huo: inayataka mataifa hayo yawazuie kabisa raia kumiliki raifo zinazojijaza zenyewe.

Kinachobaki ni raifo ya kukokiwa kwa mkono kabla ya kila risasi, ile ya wawindaji, na ile ndogo ya .22 ya kulengea shabaha. Lakini uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na kwa hivyo sababu iliyokuwa ikitolewa na wengi ikafa siku hiyo. Mfugaji wa Laikipia anaweza kueleza habari za ng'ombe wake na fisi. Mkazi wa ghorofa ya tano Kileleshwa atasema anamwinda nani?

Tuseme ruhusa imepatikana. Hapo ndipo kuta zinapoanza kusema. Risasi ya bastola ya milimita 9 huondoka kwenye mtutu kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde; ya raifo ya kuwindia au ya kivita huondoka kwa mita 800 au 900. Raifo iliundwa imfikie mnyama au adui aliye mbali, na ikifika iwe bado na nguvu. Sebuleni umbali ni hatua sita au saba. Mlango wa mbao, kabati la nguo, dari, hata ukuta mwembamba unaotenga vyumba, vyote hivyo haviwezi kutegemewa kuizuia, na nyuma yake huenda ni kitanda cha mtoto au sebule ya jirani.

Jiografia ya jiji inazidisha hatari hiyo. Lavington inapakana na Kawangware, na Kangemi inatazamana na Loresho na Mountain View. Upande mmoja kuna kuta za mawe na nyaya za umeme. Upande wa pili maelfu ya familia hulala nyuma ya mabati. Risasi ya .22, ambayo wengi huidharau kwa udogo wake, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ile ya bunduki ya kuwindia huenda mbali zaidi ya hapo. Mwenye nyumba anayekosa shabaha usiku hawezi kujua risasi yake imeangukia wapi, lakini sheria itamuuliza.

Wanaotetea raia kumiliki silaha hutaja Westgate, na wana haki ya kuitaja. Magaidi walipovamia jumba hilo la maduka la Westlands Jumamosi ya Septemba 21, 2013, na kuua watu 67, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni za bastola, wakiandamana na polisi wachache waliokuwa wamevaa kiraia. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa. Ndugu yake alikuwa amekwama ndani. Januari 15, 2019, jumba la DusitD2 katika barabara ya Riverside liliposhambuliwa na watu 21 wakauawa, raia wenye silaha walionekana tena wakisaidia kuwatoa watu.

Hata hivyo mfano huo haumsaidii mwenye kutamani raifo. Watu hao walikuwa na bastola za kubebwa kiunoni, na walikuwa wamefanya mazoezi ya kutosha. Tena hatari ya kudhaniwa gaidi iliwaandama muda wote. Westgate hata wenye sare walichanganyikiwa: iliripotiwa kwamba kamanda wa kikosi cha polisi cha Recce alipigwa risasi na wanajeshi waliomdhania kuwa adui. Ikiwa hayo yaliwapata wataalamu mchana, raia anayetokeza langoni usiku na raifo mkononi, wakati gari la polisi linawasili, anajiweka mahali pabaya sana.

Suala hili la kumtambua mtu kabla ya kufyatua ndilo linalowapeleka wenye nyumba mahakamani. Aprili 2005, Tom Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa Delamere, alimuua kwa risasi Samson ole Sisina, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ndani ya shamba la Soysambu. Alisema alidhani amevamiwa na majambazi. Maafisa wale hawakuwa na sare. Mkuu wa Sheria aliiondoa kesi hiyo, na malalamiko yakawa makubwa nchini. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, risasi ya bunduki yake ilimuua Robert Njoya katika shamba hilo hilo. Alijitetea kwamba alikuwa akiwalenga mbwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane, baada ya kukaa rumande zaidi ya miaka mitatu.

Afrika Kusini nayo ilishuhudia kisa cha mwanariadha Oscar Pistorius, ambaye Februari 2013 alifyatua risasi nne za bastola kupitia mlango wa choo uliofungwa, akidai alidhani kuna mwizi, na kumuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mlango haukuzuia bastola, sembuse raifo.

Kenya haina sheria inayomruhusu mwenye nyumba kumuua kila anayeruka ua wake. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaelekeza kwamba kujitetea na kutetea mali kupimwe kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza, ambayo kiini chake ni nguvu zinazolingana na hatari iliyopo. Mwizi anayekimbia na televisheni si hatari kwa uhai wa mtu. Akipigwa risasi ya mgongoni, aliyeibiwa ndiye atakayepanda kizimbani Milimani.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi huwa halifikirii: bunduki yenyewe huwaita wezi. Sheria ya Silaha ilitungwa wakati wa Hali ya Hatari, ambapo walowezi walikula chakula cha jioni bastola zikiwa kando ya sahani, na wapiganaji wa Mau Mau walizitafuta silaha hizo majumbani mwa walowezi hao hao. Serikali ya kikoloni ilifanya kupatikana na silaha bila idhini kuwa kosa la kunyongewa. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957, shtaka kuu likiwa ni kupatikana na bastola. Leo shirika la Small Arms Survey la Geneva, katika makadirio yake ya 2017, lilisema silaha zilizo mikononi mwa raia wa Kenya ni kama 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika hata 9,000. Raifo inayoibwa Karen inaongezwa kwenye fungu hilo kubwa.

Raifo, kwa urefu wake, ni ngumu zaidi kufichwa na inahitaji sefu kubwa iliyokazwa ukutani kwa boliti. Bastola hutoshea katika sefu ndogo, risasi hazipenyi kwa nguvu ile, na mwenyewe hubaki na mkono mmoja wa kushika simu au mtoto. Bunduki ya marisau, ambayo chembe zake hupoteza nguvu haraka, inafaa zaidi nyumba yenye kiwanja kipana, kama zilivyo nyingi za Karen, kuliko ghorofa. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayomfaa mtu asiyeenda kwenye uwanja wa shabaha mara kwa mara. Na wenye leseni wasijisahau: Desemba 2018 Serikali iliwaamuru wote wakaguliwe upya, pamoja na wale waliokuwa na silaha kwa miongo mingi.

Kuhusu dharura yenyewe, Nairobi imekwisha kuionja. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Familia zilizojifungia majumbani Januari 2008 katika mitaa ya Kangemi, Kawangware na Dagoretti zilipungukiwa na vitu vya kawaida mno: unga, maziwa, dawa za wagonjwa, mafuta ya taa na muda wa maongezi wa simu. Waliokuwa na jirani wa kabila jingine aliyekubali kuwaficha waliokoka kwa sababu ya jirani huyo.

Kwa hiyo fedha ambazo zingenunua raifo hufanya kazi zaidi zikitumiwa kuweka mlango wa chuma kati ya sebule na vyumba vya kulala, taa za nje zinazowaka mtu anapopita, na tangi la maji. Nambari za dharura ni 999 na 112, lakini mkazi mzoefu huwa pia na nambari ya kituo kilicho karibu naye, kiwe Parklands, Spring Valley, Muthangari, Kilimani au Karen, ikiwa imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mahali ambapo mtoto na mfanyakazi wa nyumbani wataiona hata simu ya mwenye nyumba ikiwa imeisha chaji.