Kutwika, Kupagaa na Kueleka: Elimu ya Mzigo Katika Msamiati wa Pwani

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aghalabu kinachomlemea mbebaji si wingi wa kilo tu, bali pia mahali zinapokaa mwilini. Makala haya yanaonyesha kuwa Kiswahili kilikwisha kupambanua mahali hapo kwa vitenzi vyake, na kwamba ujuzi huo unamfaa hata kijana anayevaa shanta kutembea katika Milima ya Shimba, Kwale.

Kwanza ni kutwika, yaani kuweka mzigo kichwani. Mama wa Kinango au Msambweni anayejitwika mtungi wa lita 20 za maji huchukua zaidi ya kilo 20. Ngata iliyosokotwa kwa kanga huutandaza uzito huo utosini, na shingo ikinyooka, uzito huteremkia uti wa mgongo. Mwaka 1986, jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya, ulioonyesha kuwa waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada. Hata hivyo, tafiti za Afrika Kusini zilizochapishwa mwaka 2010 hazikuona nafuu hiyo kwa wote, na zilibainisha maumivu ya shingo.

Pili ni kupagaa, yaani kuchukua begani, na ndiko lilikotoka jina mpagazi. Katika karne ya 19, wapagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara walichukua takriban kilo 30 kila mmoja. Mzega nao hukaa begani, na sharti ncha zake mbili zilingane uzito. Lakini bega huchoka upesi, ndiyo sababu mchukuzi huuhamisha mzigo toka bega hili hadi lile.

Tatu ni kueleka. Mtoto aliyefungwa kwa mbeleko hushikamana na mgongo wa mamaye, na uzito wake huegemea nyonga, ambazo ni mifupa mipana inayokaliwa na kiwiliwili chote.

Shanta ni mbeleko ya msafiri. Vitu vizito, kama vile maji na chakula, vipangwe karibu na mgongo, usawa wa katikati yake. Vyepesi, kama vile shuka, vikae chini na nje. Mkanda wa kiunoni ufungwe kwanza, juu ya nyonga, kisha mishipi ya mabegani ikazwe kiasi cha kuzuia shanta isiyumbe. Mtu wa kilo 60 asizidishe kilo 12. Atakayeteremka kwenye Maporomoko ya Sheldrick akumbuke kuwa atapanda tena, juani. Isitoshe, kitenzi kutwika huhitaji watu wawili: anayetwika na anayetwikwa. Mzigo mzito usiinuliwe peke yako kwa kupinda mgongo.

Siku hizi, katika mazungumzo ya vijana, kitenzi kubeba kinaelekea kuvimeza vingine vyote, na mwanafunzi huuning'iniza mkoba wa vitabu kwenye bega moja mchana kutwa. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuyakusanya maneno haya kwa wazee wa Kwale, Diani na Msambweni, kwa kuwa kila moja ni fundisho la namna ya kuusitiri mwili.