Kabla ya Kulipia Sola Pole Pole, Uliza Kuhusu Betri

Wateja wetu wengi hulipia sola kwa simu, kidogo kidogo kila siku. Muuzaji anakuonyesha paneli, taa na redio, anakwambia ni shilingi 50 tu kwa siku. Kuhusu betri hasemi mengi. Na betri ikifa kabla deni halijaisha, utakuwa unalipia giza.

Kwa nini betri?

Stima hutumika papo hapo inapozalishwa, isipokuwa iwekwe akiba. Sola ya Garissa huzalisha mchana, ilhali Wakenya wengi huwasha taa na tivii kuanzia saa moja jioni. Mvuke wa Olkaria nao hauachi kutoka hata saa nane usiku, tukiwa tumelala. Kwa hivyo nchi yetu, ambayo sehemu kubwa ya stima yake hutokana na mvuke, maji, upepo na jua, bado inahitaji pa kuiweka. Nyumbani ni vivyo hivyo: paneli huvuna, betri ndiyo ghala. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, mwenye betri iliyojaa alikuwa na taa.

Piga hesabu ya betri

Soma maandishi yaliyo kwenye betri. Ikiwa ni volti 12 na Ah 7, zidisha: 12 × 7 = 84. Hizo ni wati-saa 84. Betri ya asidi ukiitumia kupita nusu kila siku huharibika haraka, kwa hivyo hesabu 42 tu. Taa mbili za wati 3 zikiwaka kwa saa tano zinakula 30. Zinabaki 12, za kuchaji kabambe moja au mbili. Tivii hapo sahau. Betri ya lithiamu huvumilia kutumiwa zaidi ya nusu na hudumu zaidi, ndiyo maana bei yake iko juu.

Piga hesabu ya pesa

Tuseme unaweka deposti ya shilingi 3,000, kisha 50 kila siku kwa siku 400. Jumla ni 23,000. Kama bei ya keshi ni 17,000, umelipa 6,000 zaidi ili upewe muda. Huenda bado inakufaa, hasa kama pesa hiyo ilikuwa ikiishia kwa mafuta ya taa. Lakini amua ukijua.

Kabla ya kutoa deposti, muulize muuzaji:

- Waranti ya betri ni ya muda gani? Inaisha kabla au baada ya deni?
- Nikikosa kulipa siku tatu, taa zitazimwa?
- Betri ikiharibika, nani anabadilisha, na fundi yuko wapi?

Lipa kwa njia salama

Usitume pesa kwa nambari ya kibinafsi ya muuzaji, hata kama mnajuana. Tumia nambari ya biashara ya kampuni na nambari ya akaunti yako, kisha hakikisha jina linalotokea ni la kampuni hiyo. Usifute SMS ya malipo hadi umalize deni: ndiyo risiti yako. Nambari yako ya siri ni yako peke yako. Hatutakuomba kamwe, na fundi wa sola pia haihitaji.