Mtoto Mgonjwa na Uwanja wa Bembea

Siku za Idi mjini Unguja, viwanja vya Mnazi Mmoja na vile vya kufurahishia watoto vya Kariakoo hujaa tangu alasiri hadi usiku. Mtoto aliyesubiri mwaka mzima, ambaye amevishwa nguo mpya na kupewa mkono wa Idi na babu, shangazi na majirani, haelewi kwa urahisi akiambiwa kwamba jioni hii atabaki nyumbani kwa sababu mwili wake una moto. Mzazi naye humwonea huruma. Humpa kidonge cha parasetamoli, homa hushuka, na safari ya kwenda kwenye bembea huendelea. Mambo ni hayo hayo mwisho wa juma katika bustani za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, ila mavazi ni mengine.

Wengi wetu tumelelewa katika adabu isemayo kwamba mtoto mwenye vipele hapelekwi penye watoto wa watu. Adabu hiyo ni njema. Hata hivyo msomaji anayesoma elimu ya viumbe atapenda kujua kama jicho linatosha kuwa mlinzi wa uwanja, yaani kama maradhi huanza kuambukiza siku yanapoanza kuonekana. Jibu hutofautiana kwa kila maradhi, na tofauti hiyo imepata kuamua mambo makubwa kuliko bembea.

Tuanze na ndui, ambayo pengine ndiyo iliyowafunza wazee wetu adabu hiyo. Mgonjwa wa ndui hakuambukiza kabla ya homa kumpanda, na aliambukiza zaidi vipele vilipotokea. Kufikia hapo alikuwa amekwisha lala kitandani, na uso wake ulimtangaza. Mwezi Oktoba 1977, mjini Merca nchini Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alipanda gari moja na wagonjwa wawili wa ndui kwa mwendo mfupi tu, akaambukizwa. Homa yake ilidhaniwa kuwa malaria. Vipele vyake vikadhaniwa kuwa tetekuwanga. Watu zaidi ya 150 walikuwa wamemkaribia kabla ya ukweli kujulikana. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Ni kweli kwamba wengi wao walikuwa wamechanjwa, lakini tabia ya ndui yenyewe ilisaidia pia: ukimwona mgonjwa na kumtenga upesi, umeiziba njia. Maalin alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida, na mwezi Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoweka.

Surua haina tabia hiyo.

Kalenda ya surua

Virusi vya surua vikiingia mwilini kwa njia ya pumzi, hukaa kama siku 10 bila dalili yoyote. Muda huo huitwa muda wa kuatamia. Kisha huja homa, mafua, kikohozi, na macho mekundu yanayotoa machozi. Ni karibu siku ya 14 ndipo vipele hutokea, kwanza nyuma ya masikio na usoni, halafu hushuka kwenye kiwiliwili na miguuni. Siku moja au mbili kabla ya vipele, mtu akimfunua mtoto kinywa penye mwanga wa kutosha aweza kuona ndani ya mashavu vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi. Vidoa hivyo hujulikana kwa jina la Henry Koplik, daktari wa watoto wa New York aliyevieleza mwaka 1896.

Mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele na huendelea hadi siku nne baada ya kutokea kwake. Kwa hiyo mzazi anayengoja vipele ndipo amzuie mtoto amechelewa kwa nusu nzima ya muda wa hatari. Isitoshe, nusu ya kwanza ndiyo ile ambayo mtoto bado ana nguvu ya kukimbia na kusukumana katika foleni ya bembea.

Muda huu wa kuatamia haukugunduliwa katika maabara. Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, ambako haikuwa imeonekana tangu mwaka 1781. Kati ya wakazi 7,782, zaidi ya 6,000 waliugua katika miezi michache. Serikali ya Denmark ilimtuma huko daktari kijana, Peter Ludvig Panum. Vijiji vya visiwa hivyo vilitengwa na milima na bahari, na wageni walikuwa wachache, hata watu waliweza kukumbuka siku hasa waliyokutana na fulani. Panum alikwenda kijiji hadi kijiji akiuliza tarehe. Wanaume 10 wa kijiji cha Tjørnuvík walikuwa wamekwenda kijiji kingine tarehe 4 Juni kushiriki katika uwindaji wa nyangumi, ambao huwakusanya watu wengi. Tarehe 18 Juni vipele viliwatoka wote 10. Alipoona hesabu ya siku 13 au 14 ikijirudia kila mahali, alikuwa ameipata kalenda ya surua kwa kutumia daftari na masikio yake tu. Aligundua pia kwamba wazee walioipata surua mwaka 1781 hawakuipata tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita.

Hesabu ya Panum yatueleza kwa nini adabu hii ni ngumu kufundishika. Mtoto aliyeambukizwa sikukuu pili atatokewa na vipele wiki mbili baadaye, wakati nguo za Idi zimekwisha kunjwa na uwanja u mtupu. Mama yake atafikiri juu ya chakula cha jana au upepo wa usiku. Aliyeambukiza hajui kwamba ameambukiza, aliyeambukizwa hajui ni wapi, na mwaka ujao wote wawili watarudi uwanjani na mazoea yale yale.

Hesabu ya wanafunzi

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi lifuatalo. Wataalamu wanakadiria kwamba mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga yoyote, huwaambukiza watu 12 hadi 18. Tuchukue 15. Ikiwa kati ya kila watu 15 anaokutana nao 14 wana kinga, atamwambukiza mmoja tu. Nao ugonjwa hautakua wala hautazimika. Ili uzimike, walio na kinga wazidi 14 kwa 15, yaani asilimia 93. Tukichukua 18 badala ya 15, tunapata 17 kwa 18, zaidi kidogo ya asilimia 94. Ndiyo maana wizara za afya hulenga asilimia 95 ya watoto wachanjwe. Dozi moja inayotolewa katika umri wa miezi 9 humkinga mtoto kwa asilimia 85 hivi, na hiyo haifikii lengo hata kama watoto wote wangechanjwa. Hapo mwanafunzi ataona sababu ya dozi ya pili, ambayo Tanzania na Kenya hutolewa katika umri wa miezi 18.

Lakini kuna kundi moja ambalo halimo katika hesabu ya chanjo. Mtoto mchanga huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mama yake, nayo hupungua mwezi hadi mwezi. Mara nyingi huwa imekwisha dhoofika kabla ya miezi 9 kutimia. Mtoto huyo hupelekwa uwanjani ingawa hachezi. Yumo katika mbeleko, mgongoni kwa mama aliyesimama kando ya bembea akimwangalia mkubwa wake. Akiugua surua katika umri huo, hatari ya nimonia, na hata ya kifo, ni kubwa kwake kuliko kwa mtoto wa shule. Naamini kwamba mzazi anayesitasita kumzuia mtoto mwenye homa angepata jibu lake upesi kama angemtazama yule aliye katika mbeleko.

Dalili ipi ifuatwe?

Kama vipele huchelewa, homa huwahi. Katika surua, homa na mafua huanza takriban siku ile ile maambukizo yanapoanza. Kwa hiyo sheria ya nyumbani yafaa iwe juu ya homa: mtoto mwenye homa hapelekwi uwanjani, hata kama kidonge kimeishusha. Kidonge hushusha joto la mwili tu, na virusi huendelea kutoka kwa kikohozi kama kawaida. Mzazi na asubiri hadi mtoto apitishe siku nzima bila homa na bila dawa.

Watakuwapo watakaosema kwamba homa katika nchi zetu ni malaria, nayo haiambukizwi kwa kucheza pamoja. Sehemu ya pili ya kauli hiyo ni kweli, kwa maana malaria huhitaji mbu. Sehemu ya kwanza imepitwa na wakati katika sehemu nyingi. Unguja na Pemba, kwa mfano, malaria imepungua sana tangu miaka ya 2000, na homa ya mtoto huko aghalabu ina sababu nyingine. Kipimo ndicho kinachojua. Na mpaka kipimo kifanyike, homa ni homa.

Maradhi mengine yana kalenda zake. Tetekuwanga huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele hadi malengelenge yote yawe makoko, ambayo kwa kawaida ni siku tano hivi. Matumbwitumbwi huambukiza tangu siku mbili kabla ya shavu kuvimba hadi siku tano baadaye. Kifaduro ndicho kidanganyifu kuliko vyote: huambukiza zaidi katika wiki ya kwanza au ya pili, wakati kinafanana na mafua ya kawaida, kabla ya kile kikohozi cha mfululizo ambacho hukitambulisha.

Na mafua yenyewe? Hapa tusizidishe ukali. Mtoto mdogo hupata mafua mara sita au nane kwa mwaka, na kamasi huweza kuendelea wiki mbili. Kumfungia ndani siku zote hizo ni kumnyima utoto. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo za kuambukiza zaidi. Baada ya hapo, kama hana homa na anacheza kwa furaha, na aende. Kamasi kugeuka rangi kuwa ya kijani si ushahidi kwamba sasa anaambukiza zaidi.

Kuna pia maradhi yanayopita mkononi. Mwaka 1969 ugonjwa mpya wa macho mekundu ulizuka Accra, Ghana, na kwa kuwa ndio mwaka ambao chombo cha Apollo kilifikisha watu mwezini, watu wakauita Apolo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 macho mekundu yalienea Dar es Salaam na sehemu nyingine za pwani. Mtoto hujifuta tongotongo, hushika mnyororo wa bembea, na anayefuata huushika mnyororo huo kisha hujisugua macho. Kuharisha nako hupita kwa njia hiyo kutoka mkono hadi kinywa. Virusi vya namna hii havina ule utando wa mafuta ambao spiriti na sabuni huuvunja kwa virusi vya surua. Vinahitaji kuondolewa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Uwanja wenye bembea 20 na usio na bomba hata moja umejengwa nusu.

Kuhusu hewa, uwanja wenyewe una sifa njema. Virusi vya surua huweza kubaki katika hewa ya chumba kilichofungwa kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, lakini upepo huvitawanya na jua huviua. Basi lililojaa watoto na kufungwa madirisha, likielekea uwanjani, laweza kuwa la hatari kuliko uwanja.

Adabu hii ina upande wake wa pili, nao hukiukwa kila siku. Mtoto mwenye kifafa huachwa peke yake kwenye bembea kwa sababu watu huogopa povu lake. Mwenye ukurutu au mbalanga huvutwa mkono aondoke kwa sababu ya ngozi yake, na mwenye pumu kwa sababu ya kifua chake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloambukiza. Selimundu hurithiwa kwa wazazi wawili, na virusi vya UKIMWI havipiti kwa kushikana mikono, kukumbatiana wala kupokezana bembea. Jicho linalomruhusu mwenye surua na kumfukuza mwenye kifafa limekosea mara mbili kwa jioni moja.

Limebaki jambo la kupeleka habari. Mtoto akithibitika kuwa na surua, wazazi wengi hunyamaza kwa haya. Lakini chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtu akutane na mgonjwa, yaweza kumkinga au kuupunguza ugonjwa, na katika hali kama hiyo wahudumu wa afya waweza kumchanja hata mtoto wa miezi sita. Chukua mtoto aliyecheza Jumamosi jioni, na vipele vikamtoka Jumanne asubuhi. Wenzake wa Jumamosi wamebakiwa na saa chache tu. Ujumbe kwa wazazi wao hauhitaji maelezo marefu wala kuombana radhi: siku gani, saa ngapi, uwanja upi, na kwamba zahanati itafungwa saa tisa na nusu.